Siku Babu Alipotulaza Chini

Babu alijitengenezea jeneza mwenyewe, akiwa mzima na nguvu zake, kwa hoja kwamba mafundi wa siku hizi wanagonga msumari hata panapotaka gundi. Mninga mtupu. Akalipima kwa kulala ndani mchana kweupe, kisha akamwita Bibi aje aone mabega yanavyoenea. Bibi akatoka nje bila kuaga.

Lakini kwetu Muleba chombo hakikai bure. Haukupita muda Bibi akamimina maharage humo, maana panya walikuwa wameshindwa kulitoboa. Babu hakukasirika hata kidogo. Aliichukua kama sifa ya kazi yake.

Ndivyo alivyokuwa. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978 na kulipua daraja la Kyaka, aliweka randa chini akaingia mgambo, akapelekwa mbele na wenzake mpaka Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wenzake wakisimulia mizinga, yeye anasimulia milango. "Jumba la ghorofa, bawaba zimepigwa misumari! Serikali ya hivyo ingesimama na nini?" Aliporudi alitengeneza vitanda vya nusu ya kijiji, na kila mjukuu alizaliwa akakuta kigoda chake kimeshapigwa msasa. Jioni alikaa jikoni akimmenyea Bibi ndizi. Wanaume wakimcheka, aliwajibu kwamba aliyevuka mto Kagera akiwindwa na mizinga hawezi kutishwa na kisu cha jikoni.

Siku ya mazishi sisi vijana tukaambiwa tutoe maharage. Tukayatoa, tukafagia, tukatandika kitambaa cheupe. Hakuna aliyetuambia kwamba Babu, kwa ufundi wake uliopitiliza, aliweka sakafu mbili ili unyevu usipande, wala kwamba kwa miaka yote ile maharage yalikuwa yakijipenyeza kidogo kidogo katikati yake.

Mninga ni mzito, na marehemu hakuwa mwembamba. Tulibeba sita, mimi upande wa miguuni, kushoto. Njia ya kaburini inateremka kati ya migomba. Kwaya ilikuwa imenyamaza, padri anasoma. Tulipoanza kuteremka jeneza likainama, na ndani yake kikasikika kitu kikitoka kichwani kuja miguuni: parrrrrr!

Tukaganda.

"Anageuka," shemeji akanong'ona, huku akiinua upande wake juu. Parrrrrr! Ikarudi ilikotoka.

Hapo mzee mmoja, mwenzake Babu wa vita, akatupa fimbo na kupaza sauti ambayo sidhani alikuwa ameitumia tangu 1979: "Lala chini!"

Watu wakalala! Kwaya na majoho yao, akina mama na khanga zao, mwenyekiti wa kijiji na suti aliyoiazima, wote kifudifudi kwenye tope la kibanja. Shida ni kwamba wabebaji watatu nao walitii amri. Sisi watatu tuliobaki tulizunguka na ule mninga mara moja, tukaomba Mungu kwa lugha zote tunazozijua, mpaka ukatua juu ya visiki vya migomba. Mfuniko haukufunguka hata kwa unywele. Misumari, kumbe, kweli haihitajiki.

Katika ukimya ule mtoto wa dada yangu, ambaye hakujua amri za kijeshi na hivyo alikuwa bado amesimama, akainama kwenye pembe ya jeneza akaokota kitu.

"Bibi, maharage!"

Kicheko kilianzia kwa mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa bado amelala, kikatambaa hadi kwa mwenyekiti. Hata padri alijifunika uso kwa kitabu, mabega yakitikisika. Bibi peke yake hakucheka. Aliinuka, akakung'uta khanga, akatukazia macho sisi wajukuu.

"Nilisema humo mna debe tatu. Mkaniletea mbili na nusu, mkaapa zimeisha."

Padri akauliza kwa upole kama anaweza kuendelea.

"Endelea, Baba," Bibi akasema. "Ila na lisemwe mbele ya mashahidi: hiyo nusu debe amekwenda nayo yeye mwenyewe. Asije mtu kesho akasema nilimfungia chakula cha njiani."