Rufaa ya shule teule England: jopo huulizwa swali jingine

Barua ya matokeo ya mtihani wa kuingia shule teule, yaani sekondari inayochagua wanafunzi kwa mtihani, inafika Oktoba. Mtoto amepata 120, na katika eneo la Buckinghamshire, England, mstari wa kuingilia ni 121. Swali linalomjia mzazi ni kama mtihani wenyewe ulikuwa wa haki. Jopo la rufaa, likija kukaa miezi kadhaa baadaye, litauliza jambo tofauti: je, mtoto huyu anao uwezo wa kitaaluma unaotakiwa, na ushahidi uko wapi? Mzazi anayejibu swali lake mwenyewe badala ya lile la jopo hutoka mikono mitupu, hata kama lalamiko lake ni la kweli.

England, yaani Uingereza ukiacha Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, ina shule 163 za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani, zile ziitwazo Grammar. Sheria ya mwaka 1998 ilifunga mlango wa kuanzisha nyingine mpya, kwa hiyo nafasi hizo hugombewa kweli kweli. Mtihani kwa kawaida hufanywa Septemba, mtoto akianza darasa la sita. Shule hutakiwa kujitahidi kumpa mzazi matokeo kabla ya 31 Oktoba, siku ya mwisho ya kujaza fomu ya kuomba shule, na nafasi hutangazwa 1 Machi. Hapa pana mtego. Haki ya kukata rufaa inazaliwa na kunyimwa nafasi, haizaliwi na kufeli mtihani. Mzazi aliyekata tamaa Oktoba na kuiacha shule nje ya fomu hana tena cha kukatia rufaa mwezi Machi.

Wanaotetea rufaa wana hoja ambayo ni ngumu kuipangua: kipimo chochote kina kosa lake. Chukua mtihani wenye wastani wa 100, mkengeuko sanifu (jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) wa 15 na utegemewaji (jinsi matokeo yanavyofanana mtihani ukirudiwa, kamili ikiwa ni 1) wa 0.95, ambao ni wa juu. Kosa la kipimo ni 15 mara kipeuo cha pili cha 0.05 (yaani 1 kutoa 0.95), takriban alama 3.4. Mtoto aliyepata 120 leo angeweza kupata 117 au 123 siku nyingine, na asingekuwa amejifunza wala kusahau kitu. Mstari sharti uchorwe mahali, sawa, lakini kudai kwamba unamtenganisha mwenye uwezo na asiye nao kwa alama moja ni kuubebesha mtihani mzigo usioweza kuubeba.

Jambo moja lisipotezewe muda: umri. Wazazi wa watoto waliozaliwa Agosti hupenda kueleza kwamba mtoto wao ni mdogo kuliko wenzake kwa karibu mwaka mzima. Pale ambapo alama zimesanifishwa kwa umri, yaani zimerekebishwa kufuatana na umri wa mtoto, na ndivyo ilivyo katika mitihani mingi ya aina hii, tofauti hiyo imeshahesabiwa. Kuirudia mbele ya jopo ni kuomba kulipwa mara mbili.

Kinachobaki ni ushahidi, na Kanuni za Rufaa za mwaka 2022 zinataja wa aina gani: ripoti za shule, matokeo ya mitihani, barua ya shule ya msingi inayoonyesha wazi kwa nini mtoto anahesabiwa kuwa wa kiwango hicho. Tazama barua mbili. Ya kwanza: "Ni mtoto mwenye bidii, mtiifu, anapendwa na wenzake, na tunaamini atafanya vizuri." Ya pili: "Mtihani sanifu wa kusoma wa Juni alipata 128, hesabu 125. Kwa miaka mitatu hajashuka chini ya 120. Wiki ya mtihani alikuwa amefiwa, na mwalimu wake aliandika kushuka kwa kazi yake tarehe hizo." Barua ya kwanza ni salamu, ya pili ni ushahidi. Cheti cha piano, kwa heshima zote, kibaki nyumbani. Barua ya mwalimu wa tuisheni nayo haina uzito mkubwa, kwa kuwa aliyeiandika analipwa na mrufani. Ugonjwa, au muda wa ziada ambao mtoto mwenye matatizo ya kusoma alistahili asipewe, huhitaji karatasi ya wakati ule: barua ya daktari ya wiki ile, barua pepe ya kuomba marekebisho kabla ya mtihani. Tatizo linalotajwa kwa mara ya kwanza baada ya matokeo hualika swali moja tu: mbona hamkusema? Na jopo haliruhusiwi kujitungia njia yake ya kumpima mtoto nje ya ushahidi ulioletwa.

Kuna sehemu, Buckinghamshire ikiwemo, ambako walimu wakuu hupitia upya mafaili ya baadhi ya watoto walioanguka. Kama mtoto alipitia hapo, kazi ya jopo hubadilika kabisa: linaangalia kwanza kama mapitio hayo yalikuwa ya haki, yaliyofuata utaratibu mmoja kwa wote, na yasiyo na upendeleo. Ushahidi wa kitaaluma hufunguliwa pale tu mapitio yanapoonekana kuwa na kasoro. Mzazi anayeingia na rundo la ripoti bila kuuliza nani walikaa, waliona karatasi zipi na waliandika sababu gani, ameruka ngazi ya kwanza.

Upande wa pili nao haupuuziki. Rufaa humfikia anayeikata. Mtoto mwingine amepata 120 ile ile, mama yake anafanya kazi zamu ya usiku, na shule yake ina utaratibu wa kutomwandikia mzazi yeyote barua ya kumuunga mkono. Kosa la kipimo linamgusa vile vile, lakini hakuna atakayemsemea. Sheria ni msumeno, husemwa, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu unamkatia njia mwenye faili nene. Tena jopo likisharidhika na uwezo wa mtoto, hupima pia madhara ya kumwongeza pale shule ilipojaa: maabara ya watu 30 ikiingia wa 31, aliyeko ndani ndiye anayebanwa.

Lalamiko la mfumo wenyewe, kwamba maswali yanawapendelea waliosoma tuisheni, au kwamba eneo la kipaumbele limechorwa kwa ujanja, lina ofisi yake: Msuluhishi wa Shule, ambaye uamuzi wake unaibana shule. Tatizo ni kalenda. Kwa wanaoingia Septemba 2027, taratibu za udahili za shule zilipaswa kupitishwa kufikia 28 Februari 2026 na pingamizi kuwasilishwa kufikia 15 Mei 2026. Mtihani ni Septemba, barua ya kunyimwa nafasi ni Machi 2027. Mzazi anaugundua ubaya wa utaratibu karibu miezi kumi baada ya mlango kufungwa. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo dosari kubwa kuliko zote, na ndiyo inayojaza vyumba vya rufaa hoja zisizo na mwenyewe. Uzi mmoja umebaki: jopo linaweza kuangalia kama taratibu zilikiuka sheria au zilitumika vibaya, na kama mtoto angepata nafasi pasipo kosa hilo. Umbali uliopimwa vibaya au kipaumbele cha mtoto wa familia ya kipato cha chini kilichosahauliwa huingia hapa.

Mwenendo wa shauri wenyewe si mgumu. Mzazi hupewa angalau siku 20 za shule kuwasilisha rufaa, likizo ya Pasaka haihesabiwi. Husikilizwa ndani ya siku 40 za shule baada ya tarehe hiyo ya mwisho, kwa taarifa ya angalau siku 10 za shule. Jopo ni la watu wasiopungua watatu, halitozi ada, na uamuzi wake shule haina hiari nao. Akishindwa, mzazi anaweza kulalamikia uendeshaji: kwa ombudsmani (mchunguzi wa malalamiko) wa serikali za mitaa kama shule iko chini ya halmashauri, kwa Wizara ya Elimu kama ni akademia (shule ya serikali isiyo chini ya halmashauri), na shule teule nyingi ni akademia. Wote hao hutazama utaratibu, hawamtazami mtoto. Jina kwenye orodha ya kusubiri halipungukiwi kitu kwa kukata rufaa, na orodha hiyo lazima ihifadhiwe hadi 31 Desemba.

Kufuta rufaa kungemdhulumu mwenye 120 aliyeugua siku ya mtihani. Kuziacha zilivyo kunamdhulumu mwenzake asiye na wa kumsemea. Lililo jepesi zaidi ni kuwapitia upya watoto wote walio ndani ya alama nne au tano chini ya mstari bila kungoja ombi la mzazi, kila shule ya msingi ikitakiwa kuleta karatasi zile zile, majina yakiwa yamefichwa. Hilo ni badiliko la taratibu za udahili, na linaweza kudaiwa shule inapowaita wazazi kutoa maoni kabla ya kuzipitisha. Taratibu zilizopitishwa huwekwa kwenye tovuti ya shule kufikia 15 Machi. Mwenye mtoto wa darasa la tano ana miezi miwili ya kuzisoma kabla dirisha la pingamizi halijafungwa.