Wa kupakata haandikwi

Nikirudi Pemba likizo huwa na jina moja tu: mwoga. Mwaka juzi, siku chache kabla ya Idi, pale bandarini Malindi, Unguja, niliteremka kwenye boti niliyokwisha kuipanda. Tiketi mkononi, mwanangu wa miezi saba kifuani, mizigo imeshaingia na mchukuzi keshalipwa. Nikatazama deki: watu wamekaa juu ya magunia, wengine juu ya ngazi, na mlango wa dharura umezibwa na magodoro na mafeni ya watu wanaopelekea kwao zawadi za sikukuu. Nikashuka. Ami yangu, nahodha wa jahazi kwa miaka thelathini, aliyekuja kunisindikiza, alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu.

"Ulaya imekutia woga, mwanangu. Boti hii inakwenda kila siku."

Na kweli ilikwenda, ikafika salama salimini. Usiku ule nilichekwa kwenye simu mpaka nami nikacheka. Pesa ya tiketi haikurudi. Siku ya pili yake nikakata nyingine, na kuhusu tiketi hiyo ya pili nina neno, lakini litangoja.

Mie mtu wa Wete, Pemba. Huu mwaka wa kumi na moja naishi Uholanzi, jimbo la Zeeland, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Zeeland maana yake ni nchi ya bahari, na jina halikukosea: visiwa, ghuba, matope maji yakitoka, ndege wa pwani, na upepo usiojua kupumzika. Ukiiondoa baridi, kuna asubuhi nikiwa juu ya tuta la kuzuia bahari hujisahau nikadhani niko kwetu. Tofauti iko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya ardhi hapa iko chini ya usawa wa bahari. Utamwona ng'ombe anakula majani upande huu wa tuta, na upande wa pili meli inapita juu ya kichwa chake. Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka peke yangu barabarani.

Jumatatu ya mwanzo ya kila mwezi, saa sita kamili ya mchana, ving'ora hulia nchi nzima. Mimi sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimebeba trei ya chai, ikaenda chini na vikombe vyake vyote. Hakuna mzee aliyenyanyua kichwa. Bibi mmoja aliyekuwa akifuma soksi akanambia kuwa wanajaribu tu. Siku kikilia saa nyingine, hapo ndipo nitimke. Halafu akaniuliza kwetu tuna nini. Nikafikiri. Nikamjibu tuna adhana, na tuna watu wenye sauti kubwa.

Bibi yule alikuwa msichana mdogo usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953. Dhoruba ya kaskazini-magharibi iliikuta bahari imo kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi: bamvua peke yake ni jambo la kawaida, upepo peke yake ni jambo la kawaida, balaa ni siku wanapokutana. Matuta yakapasuka mamia ya mahali. Yeye alikaa juu ya paa na kaka yake hadi Jumatatu. Ananiambia nyumba za mwanzo kuanguka zilikuwa za vibarua wa mashambani, zilizojengwa kwa matofali hafifu kwenye ardhi ya chini kabisa. Za wenye mashamba zilisimama. Maji yalikuwa yale yale.

Nilipoanza kusoma habari zake, kilichonishangaza ni jinsi walivyokuwa kama sisi. Taasisi yao ya hali ya hewa ilitoa onyo, lakini ilikuwa usiku wa Jumamosi na redio ilikuwa ikifungwa usiku wa manane, basi onyo likabaki kwa waliolituma. Mhandisi mmoja wa serikali, Johan van Veen, alikuwa ameonya miaka mingi nyuma kwamba matuta ni mafupi. Maonyo yakalala makaratasini. Vita vilikuwa vimekula fedha, na kulikuwa na mambo mengine ya kujenga. Kwa hiyo mtu akinambia wazungu wana akili za kuzaliwa nazo, namwambia hasha. Hali yao ilikuwa hii hii yetu: onyo lipo, pesa hamna, Mungu yupo.

Tofauti ilianza asubuhi ya pili yake. Mwezi ule ule wa Februari iliundwa tume. Zikafuata kazi zilizochukua zaidi ya miaka arubaini: ghuba zimefungwa, matuta yamepandishwa, na karibu na tunapokaa sisi kuna lango la bahari la kilomita 9, lenye milango 62 ya chuma, lililofunguliwa 1986. Siku za kawaida milango iko wazi na samaki wanapita. Bahari ikitabiriwa kupanda mita 3, inateremshwa. Nami naletewa bili kila mwaka, kodi ya baraza la maji la wilaya. Bili ya kwanza nilidhani wamekosea, maana maji ya bomba nilikuwa nimeshalipia. Wakanambia hii ni ya kutokuzama. Nilinung'unika, lakini nililipa.

Hata hivyo, kilichonibadilisha si lango wala milango yake. Ni makumbusho madogo kijijini Ouwerkerk, ndani ya maboksi makubwa ya zege yaliyotumika kuziba tundu la mwisho la tuta mwezi Novemba 1953. Mle ndani kuna majina ya waliokufa. Idadi rasmi ni 1,836, lakini pale hawaiandiki hivyo. Wanaandika 1,835 na mmoja. Huyo mmoja ni mtoto aliyezaliwa usiku ule ule wa mafuriko na akafa maji kabla hajaandikishwa popote. Hakuwa na cheti, na kwa karatasi za serikali hakuwahi kuwapo. Wakamhesabu.

Nilisimama pale nikakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011.

MV Spice Islander ilitoka Malindi ikielekea Pemba, mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, watu wanarejea majumbani na watoto wanarejea skuli. Meli ya mwaka 1967, iliyoruhusiwa kubeba abiria mia sita na kitu, ilipakia zaidi ya 2,000. Ikazama kwenye mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Mwanzo tuliambiwa waliokufa ni mia mbili na kitu, kwa sababu hizo ndizo maiti zilizopatikana. Ilipita miezi ndipo tume ikasema waliopotea ni zaidi ya 1,300 juu ya hao, jumla ikapindukia 1,500. Namna walivyoipata hesabu hiyo ndiyo inayoniuma: haikutoka kwenye orodha ya abiria, ilitoka kwa jamaa waliokwenda mmoja mmoja kusema, wangu hajarudi. Na asiyebaki na wa kumsemea je? Nyumba nzima ikizama, nani atakwenda kusema?

Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, kusi, upepo wa kusini, imekaza, ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakafa tena. Ile ilikuwa boti iliyojengwa Marekani kwa maji ya ndani, yaliyokingwa na nchi kavu pande zote. Kusi la mwezi wa saba sisi tunalijua tangu utotoni. Boti haikulijua, na aliyeileta hakuuliza.

Ami yangu husema ajali haina kinga. Namheshimu, na sijawahi kumbishia uso kwa uso, lakini hapa nabisha. Upepo ni wa Mungu, mkondo ni wa Mungu, na Nungwi itabaki Nungwi. Abiria wa 700 hakuwekwa na upepo. Aliwekwa na mtu mwenye kitabu cha tiketi, akaachiliwa na mtu mwenye sare, akakaa juu ya gunia kwa sababu sikukuu haingoji na nauli aliikusanya miezi mitatu. Bahari ilimalizia tu. Na wanaosema kuwaza hivi ni kupungukiwa na imani, bibi yangu wa soksi anaamini hadi leo kuwa mafuriko yale yalikuwa mkono wa Mungu. Watu wa Zeeland ni wacha Mungu sana, Jumapili hata baiskeli wengine hawapandi. Lakini upepo ukivuma usiku wa baridi ananiita niulize kama milango imeteremshwa. Sisi nasi chuoni tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mungu.

Machi 2024, Kisiwa Panza, kusini ya Pemba yetu, watu walikula nyama ya kasa. Kasa huwa na sumu nyakati nyingine, haimtoki kwa kupikwa wala haina dawa ya kuiondoa. Wakafa tisa: mtu mzima mmoja na watoto wanane. Nyama moja, na makumi ya watu waliolazwa hospitali. Mwili mdogo ndio uliolipa. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini balaa moja haliwi moja kwa kila mtu. Kasa anajulikana, Pemba alishaua kabla. Serikali ilikataza na kuonya. Lakini nenda kamweleze mama asiye na kitoweo kwamba nyama iliyokuja mlangoni kwake aimwage.

Mdogo wangu mwenyewe kajenga bondeni, Unguja, upande wa Mwanakwerekwe. Masika ikikaza huweka friji juu ya meza na watoto kwa shemeji. Nilimwambia kiwanja kile kilikuwa njia ya maji kabla hajazaliwa. Akanijibu, ndiyo maana nilikiweza. Sikuwa na la kusema. Pesa ya kile kiwanja nilimtumia mimi.

Nisionekane nasifu ugenini kupita kiasi. Kuna jambo wenzetu hawa wamelipoteza na hawajui. Wenzangu kazini, vijana waliozaliwa chini ya usawa wa bahari, hawajui kama sasa maji yanajaa au yanatoka. Kazi hiyo wameiachia milango 62. Ami yangu anatoka nje alfajiri, ananusa, anakwambia matlai leo, upepo wa mashariki, na adhuhuri utaona. Na usiku ule wa Spice Islander, waliotoka Nungwi na vyombo vyao gizani kuokota watu juu ya magodoro walikuwa wavuvi. Ujuzi tunao tele. Umo vichwani mwa watu ambao hakuna anayewauliza meli ikiwa inapakia.

Ila hata kichwa cha ami kina pahali pasipofika. Yeye huapa kwamba vimbunga havifiki kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na kikazamisha vyombo bandarini. Pemba ikasalimika. Ndiyo sababu kubwa karafuu ikahamia kwetu, na mpaka leo tunajivunia kisiwa cha karafuu bila kukumbuka kuwa ni kimbunga kilichotupa. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza mapema na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kikafifia upande wa Mafia. Ami akanipigia simu kunicheka tena: kiko wapi? Mimi nikafurahi kuliko alivyojua, maana kwa mara ya kwanza niliona boti imefungwa gatini kabla ya msiba. Tuna Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa kwa sheria ya 2015, tuna maonyo yanayoingia kwenye simu. Kusema hakuna kilichobadilika nitakuwa mwongo.

Sasa ile tiketi ya pili. Kijana wa dirishani aliandika jina langu, akachukua pesa, akanipa. Nikamwambia bado mmoja. Akachungulia, akamwona mtoto.

"Huyu wa kupakata, dada. Wa kupakata haandikwi, hana nauli."

Nikamwambia nauli yake nitalipa. Akasema siyo nauli, siti hana, kwa nini aandikwe? Nyuma yangu watu walishaanza kuguna, na ami alikuwa akitazama upande wa pili kama hanijui. Nikamwambia aandike tu, niteremke dirishani pake. Akavuta karatasi, akatafuta nafasi hakuipata, mistari ilikuwa imejaa. Akaandika pembeni, kwenye ukingo, kwa herufi ndogo, chini ya jina langu: na mtoto 1.