Mgongo ukitulia mkeka hukunjwa: kosa ni la nani?

Umetoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia na karatasi ya picha: mazoezi manane. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno, hesabu mpaka kumi. Wiki mbili za mwanzo mkeka unatandikwa kila alfajiri. Ya tatu mgongo umetulia, na mkeka umerudi nyuma ya mlango. Miezi minne baadaye unarudi kliniki umejishika kiuno, unaulizwa kama mazoezi ulikuwa unafanya. Wengi tunajibu ndiyo.

Wanaomlaumu mgonjwa hawakosi hoja. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mazoezi yamo kati ya yanayopendekezwa. Mikanda ya kiunoni imo kati ya yasiyopendekezwa. Lakini mkanda unaulipia mara moja, mazoezi unayalipia kila siku kwa jasho. Si ajabu mkanda unapendwa.

Upande wa pili ni mzito zaidi, kwa maoni yangu. Mtu anayeishi chumba kimoja na watoto watatu atandike mkeka wapi? Na mama anayebeba ndoo za maji na kushinda ameinama shambani, ukimwambia "fanya mazoezi" atakucheka, na ana haki. Ni kweli kazi si sawa na mazoezi: kazi hurudia mkao uleule na haikungoji upumzike, mazoezi huongezwa kidogo kidogo kadiri mwili unavyokubali. Ila hilo nani alimweleza? Karatasi haisemi.

Kosa kubwa zaidi naliona kwenye ahadi. Mgonjwa huambiwa fanya haya utapona. Maumivu yakirudi huku anafanya, anaona amedanganywa, anaacha. Tazama utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la Lancet. Watu 701 waliokuwa wametoka kuumwa mgongo waligawanywa: kundi moja likaandaliwa mpango wa kutembea, lengo likiwa nusu saa, siku tano kwa wiki, pamoja na vikao na mtaalamu, jingine halikupewa kitu. Muda wa kati kabla maumivu hayajarudi ulikuwa siku 208 kwa watembeaji, 112 kwa wengine. Karibu mara mbili. Lakini isome namba hiyo vizuri: hata watembeaji, nusu yao walikuwa wameshaumwa tena kabla ya siku ya 208 kupita. Kilichonunuliwa ni nafasi kati ya maumivu na maumivu. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo tangu mwanzo hatashtuka mgongo ukimkamata tena, wala hatatupa mkeka.

Basi mimi ningechagua mazoezi mawili badala ya manane, na kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani. (Kama ganzi imeingia kati ya mapaja, mguu unalegea au mkojo haushikiki, hapo si suala la mkeka, nenda hospitali leo.)

Bado kutembea nako kuna masharti: barabara isiyo na njia ya miguu, giza la saa kumi na mbili asubuhi. Na watembeaji wa Australia walikuwa na mtaalamu wa kuwafuatilia kwa miezi sita. Huyo, kwa wengi wetu, huonekana mara moja tu, siku ya kukabidhiwa karatasi.