Kukata kimya kwa mashine, na h inayopotea

Ukipitisha sauti ya video ya dakika kumi kwenye programu ya kukata vimya, yaani mapengo yasiyo na sauti, kazi ya saa nzima inaisha mara moja. Hilo sibishani nalo. Audacity, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ina amri hiyo: unaiambia kwamba chochote kilicho chini ya desibeli kadhaa (kipimo cha ukubwa wa sauti), kikidumu kwa muda fulani, ni kimya, nayo inakifyeka. Kwa anayerekodi, kuhariri na kupakia peke yake, huo ni msaada mkubwa. Mtazamaji naye hana subira.

Ndiyo maana anayehariri kwa sikio huonekana mtu asiye na kazi. Nadhani haeleweki.

Mashine haisikii neno, inapima ukubwa wa sauti tu, na Kiswahili kina sauti ndogo zenye kazi kubwa. Rekodi "Mzee hakubali", utue kidogo baada ya "mzee". Ile h ni pumzi tu. Kwenye mchoro wa mawimbi inakaribia kuwa mstari uliolala, na ni rahisi kuhesabiwa kimya. Ikifyekwa, unabaki na "Mzee akubali". Aliyekataa sasa anaombwa akubali! Ndivyo ilivyo kwa hasamehe na asamehe, haruhusu na aruhusu. "Hasomi" inajiokoa, kwa sababu ukiondoa h unapata "asomi", neno lisilokuwepo, na msikilizaji anakisia. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho, kwa hiyo hapo h ndiyo ukanushi wote. Mwisho wa maneno nao si salama: mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ya mwisho inashuka, na msemaji aliyechoka huimeza.

Watetezi wa mashine watasema dawa ipo: shusha kizingiti, yaani kile kiwango cha desibeli, acha milisekunde 150 au 200 kila upande wa neno. Kweli, inasaidia sana. Lakini tupige hesabu. Tuseme dakika kumi zina vituo 120, yaani mahali unapotua, na kila kimoja umekipunguza robo sekunde. Umeokoa sekunde 30 za video. Nusu dakika, na kwa ajili yake unasikiliza dakika zote kumi upya ukitafuta h zilizoliwa, la sivyo unapakia bila kujua umesema nini.

Tena kinachokula zaidi muda wa mhariri ni sentensi iliyorudiwa mara tatu, si vimya, na kikata-kimya hakijui ipi ndiyo nzuri. Ukikosea, piga kofi moja mbele ya maikrofoni, nyamaza, rudia sentensi tangu mwanzo. Kofi linasimama kwenye mawimbi kama mlingoti. Unaruka kutoka kofi hadi kofi, unafuta jaribio lililotangulia kila moja, kwingine hugusi.

Mashine ningeiachia yale mapengo marefu, pale uliponyanyuka kwenda kufunga dirisha. Vituo vya nusu sekunde niachie mwenyewe.