Kabla hujapiga pevingi, ng'oa kwanza maua ya bibi

Juzi napita Pasiansi, hapa Mwanza, kuna nyumba wanapiga pevingi uwanja mzima, fundi kang'oa maua yote kayarundika getini yanasubiri toroli la taka, na juu kabisa ya rundo nikaona majani ninayoyajua tangu utoto, marefu, yamepangana kama upepeo. Airisi ya bibi! Nikaomba, wakanipa, nikaondoka nayo kwenye kiroba cha sembe.

Nyumbani tuliiita airisi tu, wataalamu wanaiita Dietes, ni ya ukoo mmoja na airisi za Ulaya ila hii ni ya kwetu kabisa, inaota yenyewe porini kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini. Ua lake jeupe, lina madoa ya njano, halafu pale katikati kuna kama vijiulimi vya zambarau. Linafunguka asubuhi, jioni limeshasinyaa, lakini baadaye unakuta lingine limetoka kwenye kikonyo kilekile, ndo maana bibi alikuwa anatugombeza tukivikata. "Kiacheni hicho, bado kinazaa." Na kweli kilikuwa kinazaa, msimu huu na unaofuata.

Kinachoniuma ni kwamba watu wanadhani maua ya zamani yatakuwepo tu. Muuza miche wa barabarani analeta kinachotoka haraka na simlaumu, ana familia, ila ua kama hili dukani hulikuti, linaishi kwa jirani kumpa jirani, siku mkiacha kupeana ndo basi tena. Wenzetu Marekani aina ya airisi ikifikisha miaka 30 tangu ianze kuuzwa wanaihesabu ya kihistoria, wapo wanaozitafuta mpaka kwenye mahame na makaburini, na kuna airisi moja inaitwa Honorabile, ilitolewa Ufaransa mwaka 1840, mpaka leo inapandwa. Miaka yote hiyo kuna mtu alikuwa anachimba kipande anampa mwenzake! (Hizo airisi zao, zenye vinyweleo kama ndevu kwenye ua, msihangaike kuagiza, zinataka baridi ya kwao ndo zichanue.)

Hii ya kwetu haina shida. Nimemwaga kiroba uani, mashina ya chini yameshikana kama tangawizi nyembamba, nikayaachanisha kwa mkono, palipogoma nikatumia kisu, kila kipande nikahakikisha kina majani na mizizi yake. Majani nikapunguza nusu yasinyonye maji bure. Unapanda juujuu, usizike sana, udongo wetu wa luseni, yaani wa kichanga, inauvumilia vizuri tu, ila ukipanda mvua za Novemba zikishaanza utapumzika kubeba ndoo.

Nimepata vipande kumi na moja. Vinne nimepanda chini ya jiwe kubwa nyuma ya jiko, viwili kachukua mama jirani, kimoja kinapanda meli Jumapili kwenda kwa shangazi Ukerewe, ambaye nilipompigia simu aliuliza kitu kimoja tu, ni ile nyeupe ya mama? Ndiyo shangazi, ndo yenyewe. Vinne vimebaki kwenye ndoo, wa Ilemela na Kirumba njooni mchukue.