Jumatatu Sanaa Hulala

Likizo ya Agosti ikikaribia tu, kila mwenye bando anageuka mshauri wa sanaa. Usikose maonyesho haya, usikose yale. Yote Nairobi! Mtu yuko zake Kondele, hapa Kisumu, amekalia bodaboda akingoja abiria, anaambiwa "ukitoka kazini pitia uone picha." Apitie! Kilomita kama 350, saa saba barabara ikikupenda, nane au tisa lori likilala Salgaa. Hiyo siyo kupitia, omera, hiyo ni kuhama.

Na wataenda, nawajua. Watu wa Kisumu ukishawaambia kitu ni cha wasomi, umewamaliza. Haya, waende, lakini wasirudi kunililia.

Siku ndiyo huangusha wengi. Mtu anafunga kazi Jumamosi jioni, anapanda basi la usiku, anafika Jumapili alfajiri, kumbe majumba mengi ya sanaa ya watu binafsi hufungua Jumanne hadi Jumamosi. Jumapili anatazama geti. Jumatatu anatazama geti lile lile, tofauti ni kwamba askari ameshamzoea. Panda Ijumaa usiku. Na kabla hujakata tiketi, piga simu uulize kama wako katika kutundika, kwa maana maonyesho yakiisha huwa kuna siku kadhaa ambapo picha za zamani zimeshushwa na mpya hazijapanda, ukutani misumari mitupu. Wapo wanaoitazama ile misumari kwa heshima, kichwa upande, wakidhani ndiyo yenyewe.

Jina la maonyesho usijisumbue kulikariri. Mengi hukaa wiki nne hadi sita yakang'olewa, na nauli yako haijawahi kupatikana ndani ya wiki sita. Kariri jengo.

Basi litakumwaga mjini saa kumi na moja alfajiri, miguu imevimba kama mandazi. Hakuna mlango ulio wazi. Nenda Moi Avenue ukamsalimie Tom Mboya, yule waziri wa miaka ya uhuru, sanamu yake iko pale tangu 2011. Haina kiingilio, haifungwi, na ni mtu wa kisiwa cha Rusinga, ziwani kwetu, kwa hivyo una jamaa mjini. Barabara hiyo hiyo ndiko alikopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mtazame, lakini mfuko uwe mbele, maana saa hiyo wapenda sanaa walioko hapo ni wa aina nyingi.

Hatua chache kutoka hapo kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nairobi nzima hukutana nje yake. "Niko hapa Archives," wanasema, miaka ishirini wanasimama mlangoni na ndani hawajui kuna nini. Jengo lilikuwa benki. Ghorofa ya chini imejaa vinyago, vitambaa, silaha, vyungu na picha alizokusanya Joseph Murumbi, mzaliwa wa Eldama Ravine, 1911, ambaye mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache kisha akaachia ngazi. Yaani kwao ni huko huko Bonde la Ufa ulikopita usiku ukikoroma. Ni ofisi ya serikali, kwa hivyo Jumapili pia wamelala.

Mkusanyiko wake mwingine uko Nairobi Gallery, pembeni pa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo zamani watu waliandikisha kuzaliwa, kuoana na kufa. Ukiingia na mkeo, usimweleze historia hiyo mpaka mtoke.

Makumbusho ya Taifa yako juu kilimani, hufunguliwa kila siku, hata Jumatatu, saa mbili na nusu hadi saa kumi na moja na nusu. Noti yako hawaitaki. Malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na hapo ndipo safari za wengi huishia. Namba ya kuthibitisha haiji. Ikija, imeshapitwa na wakati. Nyuma yako wanafunzi mia moja wa shule fulani wanakupumulia shingoni. Fungua akaunti ukiwa nyumbani Kisumu, jaribu kuingia mara mbili, hakikisha neno la siri unalijua wewe na siyo mtoto wa dada yako. Ndani, tafuta picha za watu alizochora Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, ambaye kabla ya simba alizunguka nchi akichora makabila na mavazi yao. Kila mgeni hutafuta mtu wa kwao, akishampata analalamika pua.

Halafu kuna taasisi aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage, NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), njia ya Limuru kule Rosslyn. Kuingia ni bure, na neno bure huwatia watu wa kwetu wasiwasi, wanaulizia chai inauzwaje. Mwenyewe Armitage huchora juu ya lubugo, lile gome la mti linalopondwapondwa na Waganda mpaka likawa kitambaa, ambalo huko kwao huvishwa hata wafu. Ukikutana na picha yake popote, isogelee. Utaona gome lina matundu, na mahali lilipochanika limeshonwa, na ule mshono umepita katikati ya rangi kama kovu la goti. Atakayekuambia turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, limeharibika, mwache aendelee na safari.

Kuna na msanii Rosemary Karuga, aliyefariki 2021. Huyu hakuwa na rangi za kununua, akakata karatasi za sabuni ya Rexona na mafuta ya Cowboy akabandika. Ukisimama hatua tatu nyuma unaona kuku, unaona mama shambani. Ukisogea, mbawa za kuku ni vipande vidogo kuliko ukucha, na hapa na pale herufi ya sabuni inachungulia. Nyumbani kwako karatasi hizo hizo unawashia jiko.

Kugusa ndiyo ugonjwa wetu. Tumezoea kubonyeza parachichi pale soko la Kibuye, basi tunabonyeza kila kitu. Kidole kina jasho, jasho lina chumvi na mafuta, na alama yake kwenye shaba hubaki ikila polepole. Turubai likisukumwa hata kidogo linafanya nundu, na baada ya miaka rangi inapasuka kwa miviringo palepale uliposukuma. Lakini adui mkubwa ni begi la mgongoni. Mwenyewe anageuka kumwita mwenzake, begi linapangusa picha tatu. Livae kifuani kama mtoto.

Kile kikaratasi cha pembeni mwa picha nacho kina lugha yake. "Bila jina" maana yake msanii alichoka. Vipimo huanza na kimo, ndipo upana. Ukivisoma kinyume utanunua kitu kisichoingia mlangoni. Picha ya kupigwa chapa ikiandikwa 3/20 siyo alama za mtihani, ni nakala ya tatu kati ya ishirini. Kitone chekundu ni kwamba imeuzwa, kwa hivyo acha kuuliza. Bei hazibandikwi ukutani, ziko kwenye karatasi mezani, na nyingine ni za dola. Isome ukiwa umeshashika sambusa ya bure ya usiku wa ufunguzi, ili mdomo uwe na kazi.

Tuseme umenunua. Turubai lisilo na fremu hukunjwa rangi ikiwa NJE. Kila mtu huikunja rangi ndani "ili isichafuke", na ndani ndiko rangi inakobanwa ikakunjamana na kubanduka. Tumia bomba pana, sentimita kumi na tano si haba, na usifunge kwa gazeti, la sivyo utafika na matanga ya ukurasa wa nane yamejichapa kwenye machweo yako. Kama ni rangi ya mafuta, uliza imekauka lini. Juu huonekana kavu baada ya siku au wiki chache, ndani inaweza kuchukua miezi. Makanga akisema ataiweka kwenye keria na kuku, shuka wewe pia.

Jiwe la Kisii, lile laini la kuchongea vinyago, nalo linanishangaza zaidi. Linachimbwa kwa mikono huko Tabaka, Kisii, linachongwa, linapigwa msasa ndani ya maji, linakaushwa, linapakwa nta, linapanda lori hadi Nairobi. Kisha mtu wa Kisumu analinunua huko na kulipakata usiku kucha kurudi magharibi. Hilo jiwe limesafiri kuliko mnunuzi. Alipakate hivyo hivyo, maana likidondoka huvunjika mdomo wa ndege kwanza, na gundi huonekana.

Ukifika nalo nyumbani, hewa ya ziwa inasubiri. Picha ya karatasi ukiibana kwenye ukuta unaopigwa na mvua, itaota ukungu mgongoni kabla hujaona chochote mbele. Iachie nafasi nyuma, gandisha vipande vya kizibo kwenye pembe za fremu. Na wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi, zima taa ya karibu nayo, maana wakishatua wanaacha saini zao, na hawakuulizwa.

Asiye na nauli aende Makumbusho ya Kisumu, yapo tangu 1980, njia ya Nairobi. Kuna simba na nyumbu waliokaushwa katikati ya kukabana, na kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo, nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazama lango kama inavyotakiwa. Watoto watalipita mbio kwenda kwa nyoka.

Au apande boti Mbita, aende kisiwa cha Mfangano, kwenye mapango yenye miviringo myekundu na myeupe iliyochorwa kabla babu wa babu zetu hajafika. Wekundu ule haumaanishi imeuzwa. Hapo hata kikaratasi cha pembeni hakuna, na mkono uutie mfukoni. Wenyeji zamani waliombea mvua pale, na mvua ikichacha ziwani, boti la kurudi Mbita haliondoki.