Kabla tolye hajaweka diski kwenye paa

Jumamosi, misafara ya arusi inapozunguka Lubumbashi kutafuta mahali pa kupigia picha, motokari inayotazamwa zaidi ni ile ambayo bibi arusi ametoa kichwa na mabega juu ya paa, shela inapepea, mpiga picha anamfuata nyuma. Motokari ya namna hiyo inakodishwa vizuri. Ndiyo sababu wenye motokari za arusi wamekuwa wakijiuliza: kwa nini nisichukue hii yangu yenye paa gumu, nikampa tolye, yaani fundi wa bodi, alikate kwa diski ya umeme, tukaweka vipande viwili vya kubandua na kurudisha?

Hamu hiyo naielewa kabisa. Motokari ya paa wazi iliyotoka hivyo kiwandani ni adimu hapa, na ikipatikana bei yake inatisha. Joto la Oktoba, kabla mvua hazijashuka, linamfanya hata asiye na biashara ya arusi atamani hewa. Tena mafundi wetu wa bodi wana mikono. Motokari iliyobondeka ubavu mzima inaingia garaji ya mtaa wa Katuba au wa Kenya hapa mjini, na inatoka imenyooka hata jirani asijue. Anayesema kazi hii haiwezekani Lubumbashi hajawahi kuwatazama wakifanya kazi.

Hata historia ya viwanda inawaunga mkono, lakini kwa nusu. Chevrolet ilipotayarisha Corvette ya mwaka 1968, nia ilikuwa paa lote la juu ya viti litoke kwa kipande kimoja. Bodi ikawa inajipinda. Ikabidi waweke boriti ya chuma katikati, kutoka juu ya kioo cha mbele hadi nyuma ya viti, na paa likawa vipande viwili. Na motokari hiyo ilikuwa na shasi yake, fremu nzito ya chuma chini. Porsche nayo, ilipoonyesha 911 Targa mwaka 1965, iliacha upinde mpana nyuma ya viti. Wahandisi wenye vipimo vyote mezani walitoa chuma mahali pamoja, kisha wakakirudisha mahali pengine.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika kwetu, kwa sababu ya aina ya motokari tulizo nazo. Nyingi zinatoka Japani zikiwa zimetumika, zinapitia Dar es Salaam au Durban, zinaingia mpaka wa Kasumbalesa: IST, Vitz, Noah, Harrier, RAV4. Hizi hazina shasi ya peke yake. Sakafu, nguzo na paa vimechomelewa pamoja na vyote vinabeba. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko kilichobandikwa gundi, ulipinde. Halafu kata kifuniko, ulipinde tena. Utaona ninachosema. Chini ya bati la paa kuna mbavu za kupita kushoto kulia, na pembeni, juu ya milango, kuna mihimili miwili. Tolye akikata bati akaacha mihimili, amepunguza nguvu. Akikata na mbavu bila kuweka boriti, na bila kuongeza chuma chini ya sakafu, mashimo ya barabara zetu yatammalizia kazi: milango inaanza kukwaruza, kioo cha mbele kinapasuka kona, maji yanapata njia.

Land Cruiser na Prado zimekaa juu ya shasi yenye umbo la ngazi, kwa hiyo chini hazilegei upesi. Mwenye Prado ana hoja nzuri kuliko mwenye IST, na ningekuwa ninashauri ndugu yangu, hapo tu ndipo ningekubali kuendelea kuzungumza.

Lakini hata Prado inaweza kupinduka. Marekani, kanuni iliyopitishwa mwaka 2009 ilitaka paa la motokari za abiria lihimili mara 3 ya uzito wa motokari yenyewe. Zamani ilikuwa mara 1.5. Paa lililokatwa garajini halijapimwa na mtu, na mtakaolipima ni ninyi mliomo ndani, kwenye njia ya Likasi, lori likiwa limewasukuma nje ya lami. Kwa motokari za miaka ya karibuni kuna jambo jingine ambalo tolye wengi hawaambiwi: mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayofumuka wakati wa ajali, imekunjwa ndani ya ukingo wa paa, na baadhi ina mtungi wa gesi humo humo. Diski ikigusa pale, anayeumia kwanza ni fundi.

Maji nayo yanadharauliwa. Watu wanadhani mpira ndio unaozuia mvua. Kwenye paa la kiwandani lenye kioo cha kufunguka, maji kidogo huruhusiwa kupita mpira, yanaangukia kwenye mfereji, kisha yanashuka kwa vibomba vilivyopita ndani ya nguzo mpaka chini ya motokari. Paa la garaji mara nyingi lina mpira na silikoni tu. Mvua za Januari hazitanii na silikoni. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwa mianya ile ile, na ukingo uliokatwa bila rangi ya kuzuia kutu unaanza kuliwa kutoka ndani, mahali usipopaona.

Kuhusu pesa, hesabu ya kukodisha inapendeza mpaka siku ya kuuza. Mnunuzi wa hapa akiona alama za kuchomelea karibu na nguzo, anafikiri motokari iligongwa, na anashusha bei kwa mawazo hayo. Kampuni ya bima nayo ina haki ya kuuliza nani aliibadilisha.

Ipo njia ya kati, nami naiona bora kuliko zote. Tafuta paa zima la motokari ya aina ile ile iliyotoka Japani na tundu la kufunguka, lenye fremu yake na vibomba vyake. Tolye anafumua paa la zamani kwa kufuata mishono ya kiwanda, anaweka hilo lenye tundu mahali pale pale. Bibi arusi anatoa kichwa, motokari inaenda polepole, picha zinapatikana. Au nunua RAV4 ya kwanza, ile fupi ya milango miwili, ambayo Toyota yenyewe iliuza baadhi zikiwa na vipande vya paa vya kubandua.

Kama bado unataka kukata, mwambie tolye mapema kwamba hutalipa fungu la mwisho kabla ya jaribio hili. Siku motokari bado nzima, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki mpaka liache ardhi, fungua na ufunge milango yote, pima nafasi kati ya mlango na nguzo, andika. Kazi ikiisha, rudia pale pale, jeki ile ile. Nafasi ikibadilika au mlango ukikataa kufunga, boriti haitoshi, na motokari isitoke garajini.